Mkono wa Kulia wa Swafia

Kofia ilikuwa na nyaya nyingi kuliko redio iliyofunguliwa na fundi. Chini yake Swafia Abdulnasir aliketi wima, mtandio wake umekunjwa magotini, kidole chake cha kulia kikiwa juu ya kitufe cheusi. Alikuwa ameambiwa abonyeze wakati wowote apendao. Kila alipobonyeza, mstari kwenye skrini ya Daktari Chebet ulikuwa tayari umeanza kupanda.

"Umeona hapo?" Daktari aliuliza. "Ubongo umejiandaa kabla kidole hakijasogea. Huyo ni mtu anayesogea kwa kutaka. Sasa ngoja."

Sajenti Roda Mmbone wa upelelezi alingoja.

Mkono wa kushoto wa Swafia ukaruka. Ulianzia begani, ukanyooka pembeni na kwenda nyuma kama wa mtu anayefukuza nyuki, kisha ukarudi mapajani. Kichwa kikatikisika. Uso wa msichana haukubadilika hata kidogo.

"Mstari umefanya nini?" Daktari akauliza.

"Haukupanda."

"Haukupanda. Hiyo ndiyo tiki. Inatoka kwake lakini hakuituma. Anaisikia ikija, kama wewe unavyosikia chafya, na anaweza kuizuia kwa muda. Lakini ukizuia chafya, unajua inavyorudi."

Roda alikuwa amekuja kwenye maabara hii ya chuo kwa sababu ya mkono ule. Wiki iliyopita Tevin, mwendesha boda wa Navakholo, alikufa barabarani akimrudisha Swafia kutoka sokoni. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Pikipiki iligonga kona ya trela la miwa lililosimama kando ya barabara ya murram, isiyo na lami. Mama mmoja wa pale karibu alifika wa kwanza, na Tevin akamwambia maneno machache kabla hajanyamaza: "Swafia amenipiga begani." Swafia mwenyewe alikuwa amezirai mtaroni. Alipozinduka hospitalini, watu walikuwa wameshaelewana. Mkono wake mgonjwa uliruka, ukampiga dereva, pikipiki ikayumba. Wazee wa familia zote mbili wakasema ni ajali ya Mungu.

Asubuhi hiyo mkubwa wa Roda alikuwa amemwambia alete karatasi ya daktari inayothibitisha ugonjwa ili faili lifungwe.

"Nataka kujua kitu kimoja," Roda alisema. "Mashine yako inaweza kuniambia kama alimpiga Tevin kwa kutaka?"

"Hapana."

"Haraka hivyo?"

"Mashine haikuwa kwenye pikipiki, Sajenti. Na hata ingekuwepo, hapa anabonyeza kitufe akiwa ametulia. Mtu akishtuka barabarani, ubongo hauna nafasi ya kujiandaa polepole. Tena wako wenye tiki ambao mstari wao hupanda kidogo. Mimi nachunguza mwili unavyoanza kusogea. Sichunguzi dhambi."

"Mkubwa wangu anataka karatasi."

"Mkubwa wako anunue gazeti."

Roda alitabasamu bila kupenda. "Basi niambie unachokijua."

"Nina video zake tangu mwaka jana. Tiki za shingo zinabadilika, sauti ya kooni inakuja na kupotea. Ile ya mkono haijabadilika. Ni kushoto, na inakwenda nje na nyuma, vile ulivyoona. Kulia sijawahi kuona hata mara moja."

"Inaweza kuanza kulia?"

"Tiki mpya huweza kuanza. Mahakamani nitaapia niliyoyaona, sio yanayoweza kuja."

"Nawasikia," Swafia alisema kutoka chini ya kofia, bila kugeuka. "Mimi siyo maiti. Mkitaka kujua kitu si mniulize?"

Roda akasogea mbele yake. Alikuwa msichana mwembamba, na macho yake hayakutafuta pa kujificha.

"Sawa. Ulimpiga Tevin?"

Mlango ukagongwa kwa nguvu kutoka nje. "Swafia, usijibu!" Ilikuwa sauti ya Mubarak, ami yake kutoka Matungu, aliyebaki kwenye korido kwa kuwa Daktari hakutaka watu wengi chumbani. "Afande, assalam aleykum, samahani, lakini mtoto hajibu kitu!"

"Aleykum salaam," Roda akaujibu mlango.

Swafia akafumba macho. Mkono wa kushoto ukaruka mara mbili mfululizo.

*

Nje ya lango la chuo waendesha boda walikuwa wamejipanga kivulini. Roda alimwita mmoja, akamgeukia Swafia, ambaye sasa alikuwa amevaa mtandio na buibui lake.

"Nataka upande. Hatuendi mahali. Ukae tu vile ulivyokaa siku ile."

"Hajapanda pikipiki tangu ajali," Mubarak alisema. "Tumemkataza."

Mwendesha boda alimtazama msichana, akarudi hatua moja. "Huyu si ndiye yule wa Navakholo? Hapana, madam. Mimi niko na watoto. Akinimaliza?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akarusha mkono wake wa kushoto hewani, akatoa ulimi. Wakacheka zaidi.

Swafia alimtazama yule aliyemwigiza mpaka mkono wake ukashuka wenyewe. Kisha akamwambia mwenye pikipiki, "Kaa mbele, kaka. Kama ni kufa, ufe umekaa vizuri."

Kicheko kikahamia kwa mwenye pikipiki. Akapanda.

Swafia akakusanya buibui lake, akakaa upande, miguu yote kushoto. Bega lake la kulia likagusa mgongo wa dereva. Mkono wake wa kushoto ukashika keria nyuma ya kiti.

"Siku ile ulikaa hivi hivi?" Roda aliuliza.

"Na buibui ningekaaje? Nitanue miguu?"

"Nauliza kuhusu upande. Kwa nini miguu iwe kushoto?"

Swafia alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini watu huvaa viatu miguuni. "Bomba la eksozi liko kulia. Nani anataka kuungua? Uliza mwanamke yeyote anayepanda boda."

Roda mwenyewe alikuwa na kovu la eksozi kwenye shavu la mguu, la siku aliyopanda kwa haraka. Alizunguka pikipiki, akasimama upande wa pili, akangoja. Dereva naye alingoja, mabega yamempanda hadi masikioni.

Mkono wa kushoto ukaachia keria. Ukanyooka juu ya taa ya nyuma, ukapiga hewa, ukarudi.

"Umeguswa?" Roda alimuuliza dereva.

"Na nani? Ameshaanza?"

*

Roda alifika Navakholo jua likiwa kali. Trekta iliyovuta trela la ajali ilikuwa shambani, ikingoja trela lijae. Willis, dereva wake, alikuwa amekaa kwenye gogo akitafuna muwa, na wakataji walikuwa wamepumzika karibu naye.

"Madam, mimi nilishaandikisha," alisema kabla hajasalimiwa.

"Najua. Nisimulie tena tu, nisije nikakosea."

Willis alitema makapi. "Trekta ilikuwa imekufa. Nimekaa juu yake nikingojea fundi. Nikageuka nyuma nikaona hao wanakuja. Huyo msichana mkono wake wa kushoto ukaruka, pwaa! Ukapiga Tevin hapa." Akajigusa bega la kushoto. "Pikipiki ikayumba, ikakuja kwa trela. Ni ugonjwa, si tunajua. Hata mimi namhurumia."

"Alikuwa amekaaje?"

"Vile wanawake wanakaa. Upande. Miguu huku."

"Nionyeshe." Roda akakaa kwenye ncha ya gogo, mgongo kwake. "Mimi ni Tevin. Wewe ni Swafia. Kaa upande, miguu kushoto. Sasa nipige na mkono wa kushoto."

Willis akajigeuza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa upande wa nyuma. Ili umfikie Roda ilibidi aupitishe mbele ya kifua chake mwenyewe na kujikunja hadi kidevu kikagusa bega. Alipofika, alikuwa karibu amemwangukia.

"Eeh, Willis!" mkataji mmoja akapiga kelele. "Utafungwa kwa kukumbatia serikali!"

"Basi ilikuwa kulia," Willis akasema, akijirudisha. "Mkono si ni mkono?"

"Uliandikisha kushoto. Umerudia kushoto sasa hivi."

"Kila mtu anajua ni kushoto ndio inarukanga. Watoto wa soko wanamwigizanga kila siku."

"Kwa hiyo hukuona. Ulijua."

Willis akauma muwa.

Roda akatoa simu. Alikuwa na picha zilizopigwa na askari wa trafiki jioni ile. "Tuseme habari ya matawi."

"Hiyo niko sawa," Willis akasema haraka. Katika barabara zile kila dereva anajua: gari likikufia, unakata matawi na kuyalaza nyuma yake, ili anayekuja aone na apunguze mwendo kabla hajafika. Asiyeweka matawi huhesabiwa kuwa ametega mtego. "Nilikata mara tu trekta ilipokufa. Ya mti wa lusiola. Hata jua lilikuwa bado juu. Kwa picha si yanaonekana?"

"Yanaonekana. Hatua chache nyuma ya trela, mazuri kabisa." Roda akaikuza picha, akamsogezea. "Swafia alikuwa amebeba mfuko wa njugu kutoka sokoni. Walipoanguka mfuko ukapasuka. Unaziona?"

"Naona."

"Ziko wapi?"

"Ziko chini."

"Chini ya nini, Willis?"

Wakataji walikuwa wameacha kucheka. Mmoja alinyanyuka, akaja kuchungulia juu ya bega la Roda, akapiga mluzi mdogo.

"Ziko chini ya majani," Roda akasema. "Juu ya majani hakuna hata moja. Sasa niambie, njugu za Navakholo zinatambaa? Zilimwagika hewani, zikaingia chini ya matawi zenyewe, moja moja?"

Willis alitupa muwa chini. "Niliogopa! Watu walikuwa wanakuja wakipiga nduru. Wangenichoma na trekta."

"Kwa hiyo Tevin alipofika hapakuwa na tawi."

"Hapakuwa. Haya, andika." Kisha akainua uso, na sauti yake ikapata nguvu. "Lakini alimpiga! Tevin mwenyewe alisema kabla akufe. Hata ningelaza msitu mzima wa Kakamega hapo, mtu akipigwa anaendesha, atayumba tu. Sio trela ilianza. Mkono ndio ulianza."

Roda aliizima simu. Uongo wa Willis ulikuwa umevunjika, lakini alichosema mwishoni hakikuwa uongo. Mkono ukiwa ndio mwanzo wa ajali, trela lilikuwa kitu tu kilichokutwa njiani. Na kwa muda wote ambao watu wangeamini kwamba mkono uliruka bure, Willis angeendelea kusimamisha trela lake popote.

Alimpigia mkubwa wake akiwa amesimama kati ya mistari ya miwa.

"Matawi yaliwekwa baada ya ajali, Afande. Dereva wa trekta amekubali mbele ya watu."

"Vizuri. Na mkono?"

"Si tiki. Ya kwake ni ya kushoto, na mkono wa kushoto haumfikii dereva."

"Kwa hiyo ni kulia. Na kulia hauna ugonjwa."

"Daktari hajawahi kuuona ukiruka."

"Basi alipiga kwa kutaka. Dereva amepigwa akiendesha, dereva amekufa. Mfungulie msichana mashtaka. Au uniletee ile karatasi ya ugonjwa, tufunge faili, kila mtu alale. Uchague leo."

"Kuna la tatu, Afande."

"Hakuna la tatu." Simu ikakatwa.

"Liko," Roda akauambia muwa uliokuwa mbele yake.

*

Swafia aliishi na shangazi yake katika mtaa wa Shieywe, katika nyumba ya vyumba viwili yenye cherehani mlangoni. Roda alimkuta akishona sare ya shule. Mubarak alikuwa sebuleni, kikombe cha chai mkononi.

"Alhamdulillahi, afande, umeleta mwisho wa maneno haya?"

"Nimeleta swali lile lile." Roda akavuta kiti hadi mbele ya cherehani. "Lakini kwanza usikilize, Swafia. Najua mkono wa kushoto haukumgusa Tevin. Najua matawi yaliwekwa mkiwa mmeshaanguka. Ukisema mkono wako uliruka, nitaandika hivyo, na faili litafungwa leo. Ukisema ulimpiga kwa kutaka, mkubwa wangu ameniambia nikushtaki. Nitabishana naye, lakini siwezi kukuahidi kwamba nitashinda. Una haki ya kunyamaza."

"Atanyamaza," Mubarak akasema. "Ameshasamehewa. Mama wa Tevin mwenyewe amesema hana kinyongo na mgonjwa."

Swafia aliondoa mguu kwenye kanyagio. Nguo ikabaki chini ya sindano.

"Nimesamehewa nini, Ami?"

"Swafia."

"Hospitalini nilijaribu kusema. Nesi akaniambia tulia, si kosa lako. Shangazi akasema usilie, si kosa lako. Wewe ukasema nyamaza, si kosa lako. Kila mtu ananisamehe kitu ambacho sikufanya, na kile nilichofanya hakuna anayetaka kukisikia." Mkono wa kushoto ukaruka, ukaangusha mkasi. Hakuutazama. "Huu mnaupenda sana. Huu mnaujua. Mwingine hamjauliza hata siku moja unafanya kazi gani."

"Tumekutafutia mlango wa kutokea, mwanangu."

"Huo mlango nikiupita, sitarudi kuwa mtu. Nikishona nguo ikapendeza, watasema ni mkono tu. Nikikataa mume, ni mkono tu. Nikisema jambo la kweli, ni kichwa chake, mwacheni. Sitaki."

Mubarak alitua kikombe. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa umejaa hofu. "Watakufunga!"

"Wanifunge nikiwa na akili zangu."

Roda alikuwa amefungua karatasi za taarifa. "Anza pale mlipoliona trela."

"Hatukuliona. Mimi ndiye niliona." Swafia akaweka mikono yote miwili juu ya meza ya cherehani. "Gari lilikuwa linakuja mbele na taa kali. Tevin akainamisha uso, hakuona kitu. Mimi nilikaa upande, macho yangu yalikuwa kushoto, kando ya barabara. Nikaona majani ya miwa yananing'inia. Hakukuwa na taa wala tawi. Nikapiga kelele, 'Trela!' Alikuwa na helmeti, upepo ulikuwa mwingi, hakusikia. Tulikuwa tunaenda kuingia chini yake sisi wawili."

"Ukafanya nini?"

"Nikampiga. Hapa." Alinyoosha mkono wa kulia, akagusa bega la Roda, kisha akalipiga kwa nguvu. Roda alilisikia pigo hadi shingoni. "Hivyo. Akashtuka, akapinda kulia. Nusu ya pikipiki ilipita. Kona ikamshika yeye."

Mubarak alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Alikuwa na nafasi ndogo sana ya kupona," Swafia akasema, "na hiyo nafasi nilimpa mimi. Si ugonjwa uliompa. Mama yake anadhani mtoto wake aliuawa na kichaa wa sokoni. Nataka ajue kwamba aliuawa na trela lisilo na matawi, na kwamba kuna mtu alijaribu kumwokoa. Na yule mwenye trela ajue kuna mtu aliona."

"Umesema yote haya kwa hiari yako?" Roda aliuliza.

"Muulize daktari kama mstari umepanda."

Roda aliandika. Aliandika polepole, kwa maneno ya msichana mwenyewe, na alipofika mwisho simu yake ikaanza kulia mfukoni. Jina la mkubwa wake. Aliiacha ilie hadi ikachoka, kisha akasoma kwa sauti:

"'Nilimpiga Tevin begani kwa mkono wangu wa kulia, kwa kutaka kwangu, ili kumwonya kuhusu trela.' Ni sawa?"

"Haijaisha."

"Ami yako anatikisa kichwa."

"Anatikisa chake. Ongeza hapo: na ningempiga tena."

Simu ikaanza kulia upya. Roda akaongeza.